Dangar na mapori ya Hawkesbury: safari ya siku moja kutoka Blacktown, bila gari

Kila joto linapoanza, swali ni lile lile. Sina gari, nina watoto, mama yangu mzee yuko nyumbani, tunakaa Blacktown: twende wapi tukaone maji ya chumvi na msitu, turudi siku hiyo hiyo, na mshahara ubaki? Nyuma yake huja la pili, kwa sauti ya chini: na nyoka je?

La nyoka nitalijibu mbele kidogo. La kwanza jibu lake ni fupi. Nendeni Kisiwa cha Dangar.

Blacktown iko bara, kilomita 35 hivi magharibi ya katikati ya jiji, na upepo wa bahari hutufikia umechoka au haufiki kabisa. Jirani zetu wa Penrith walipimiwa nyuzi 48.9 tarehe 4 Januari 2020. Siku kama hiyo pwani huwa na nafuu kubwa, na wengi wetu tunaishia kukaa sebuleni na feni kwa kudhani pwani ni ya wenye magari. Si kweli. Treni inakushusha hatua chache kutoka gatini.

Dangar ni kisiwa kidogo, kama hekta 30, kwenye mlango wa mto Hawkesbury, ambao wenyeji wa asili wanauita Dyarubbin. Ingawa ni mto, maji yake hapo ni ya bahari: yanapwa, yanajaa, yana chaza na mikoko. Wakazi ni mia chache na magari yao yanabaki ng'ambo. Pande zote ukitazama unaona vilima vya hifadhi za taifa: Ku-ring-gai Chase upande wa kusini, iliyotengwa tangu 1894, na Brisbane Water upande wa kaskazini. Kisiwa chenyewe ni cha kutembea polepole, pori ni la siku nyingine, na nitaeleza namna ya kulifikia.

"Mbona si Bondi?" Kama unataka mchanga na umati, nenda Bondi. Mimi nawaandikia wanaotaka kusikia ndege.

Jioni ya kabla ya safari

Safari nyingi huharibika usiku wa kuamkia safari, mtu akiwa jikoni anakaanga maandazi na hajaangalia lolote. Angalia haya matano:

- Matengenezo ya reli. Wikendi nyingi sehemu fulani ya njia hufungwa na mabasi huchukua nafasi ya treni. Safari ya saa moja na nusu inaweza kuwa ya saa tatu. Fungua programu ya usafiri, weka tarehe yenyewe na saa yenyewe, usome njia nzima. Ukiona basi katikati, ahirisha.
- Ratiba ya kivuko. Kivuko cha Dangar ni kidogo na hakiji kila dakika kumi. Andika saa ya kwenda, na saa ya boti ya mwisho ya kurudi. Hiyo ya mwisho iandike kwa wino.
- Moto na joto kali. Siku za hatari ya moto hifadhi hufungwa. Programu ya Hazards Near Me inaonyesha moto ulipo, na tovuti ya hifadhi za taifa inaonyesha njia zilizofungwa. Siku ikitangazwa marufuku ya moto, hata jiko la mkaa ni kosa la jinai.
- Maji kupwa na kujaa. Waliokulia Unguja wamezoea bamvua ya karibu mita 4. Hapa haizidi sana mita 2, lakini inatosha kubadilisha ufuko wa kuchezea watoto ukawa tope tupu. Panga kufika maji yakianza kujaa.
- Saa. Ratiba ikisema 10:00 ni saa nne asubuhi, na mtoto aliyezaliwa hapa ukimwambia "tukutane saa nne gatini" atakuja ukiwa umeshaondoka. Mwandikieni kwa tarakimu za ratiba.

Njia yenyewe

1. Panda treni ya T1 pale Blacktown, shuka Strathfield.
2. Strathfield badilisha, panda treni ya Central Coast na Newcastle inayoelekea kaskazini. Soma ubao hadi uone jina Hawkesbury River, maana si kila treni inasimama hapo.
3. Ukiwa ndani sikiliza matangazo. Kwenye vituo vifupi si milango yote inayofunguka, na mwenye mkokoteni wa mtoto hana mbio.
4. Shuka Hawkesbury River. Kituo hiki kiko ndani ya kijiji cha Brooklyn. Gati liko hapo chini, mwendo wa dakika chache.
5. Kabla ya kupanda boti, wapeleke wote chooni Brooklyn, hata anayesema hajabanwa.
6. Kivuko kinavuka kwa robo saa hivi.

Tenga saa moja na nusu kutoka Blacktown hadi Brooklyn, pamoja na kusubiri. Treni za njia hii wikendi ni chache kuliko T1, kwa hiyo ukikosa moja pale Strathfield utakaa benchi muda mrefu.

Pesa

Kwenye treni kadi ya Opal ina kikomo cha siku, na kikomo hicho ni cha chini zaidi Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Mzee mwenye kadi ya dhahabu ya Opal kikomo chake ni dola 2.50 kwa siku nzima, kwa hiyo msimwache nyumbani kwa kisingizio cha nauli. Kivuko cha Dangar ni cha watu binafsi. Hesabu nauli yake kando, na beba kadi ya benki pamoja na noti chache. Kisiwani kuna mkahawa mmoja karibu na gati, na ni mzuri, ila familia ya watu saba ikila hapo mwezi umekwisha. Chakula kitoke nyumbani.

Mkoba

Sijui kwa nini mtu anayeenda kutembea kwa miguu hubeba sufuria ya pilau ya lita kumi halafu anasahau maji. Maji kwanza: lita mbili kwa kila mtu mzima siku ya joto, lita moja kwa mtoto. Baada ya hapo:

- chapati, sambusa, mayai ya kuchemsha, matunda, yaani vinavyoliwa kwa mkono na havioshwi;
- themosi ya chai kwa ajili ya wazee, na vikombe vya plastiki vinavyorudi nyumbani;
- kofia ya ukingo mpana na mafuta ya kukinga jua kwa kila mtu. Ngozi nyeusi nayo inaungua, na jua la hapa ni kali kuliko linavyoonekana;
- raba zilizofungwa kamba. Ndala ni za ufukweni tu;
- soksi ndefu na dawa ya kufukuza wadudu;
- kanga au kitenge kimoja cha ziada. Ni mkeka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na mtoto akivunjika mkono ni kitambaa cha kuutundikia;
- bandeji mbili pana za kuvutika. Utaelewa sababu ukifika kwenye nyoka;
- mfuko wa takataka, kwa kuwa mnachokileta mnakirudisha Blacktown.

Kwa wanaoswali: kibla kutoka Sydney ni karibu magharibi kabisa, kaskazini kidogo tu. 

Ukishuka gatini

Kitu cha kwanza utakachokiona ni toroli za mkono zilizopangwa pale gatini. Ni mali ya wakazi, wanabebea mizigo yao ya sokoni kutoka kwenye boti hadi nyumbani. Usipandishe mtoto, usipakie majokofu yako. Mkazi akirudi jioni na gunia la mchele na toroli haipo, atawakumbuka ninyi na wote wanaofanana na ninyi.

Kisiwa kinazungukika kwa miguu kwa saa moja ukienda bila haraka. Barabara ni za umma, bustani ni za watu. Panda hadi juu kabla ya chakula, jua likiwa bado jepesi, halafu shuka ufukweni Bradleys Beach mkale hapo.

Angalieni daraja la reli. Daraja la kwanza juu ya Hawkesbury lilifunguliwa tarehe 1 Mei 1889, likaunganisha reli ya Sydney na ya kaskazini, na lilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Union Bridge Company, iliyokifanya kisiwa hiki kuwa karakana yake. Mwaka 1946 likaja jipya, lile ambalo treni zinapita leo, na nguzo za mawe za lile la zamani zikaachwa zimesimama ndani ya maji pembeni yake. Kwa mtoto anayelalamika kwamba hapa hakuna kitu cha kuona, mwambie ahesabu nguzo hizo.

Halafu kuna mikoko. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote kisiwani. Mkoko unaotawala kingo za mto huu, wenye majani ya kijivu chini na vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni kama vidole, ni mchu: *Avicennia marina*, ule ule wa Lamu, wa Chwaka, wa Rufiji. Ni mti mmoja wenye mwambao mrefu. Bibi wa Kipemba anaweza kumfundisha mjukuu wake jambo hapa ambalo mwalimu wa shule ya Blacktown hawezi: kwamba mizizi ile ndiyo pua za mti, na kwamba kaa amejificha chini ya ule wa tatu. Msing'oe, msikate, hata fimbo moja. Mikoko inalindwa kwa sheria, na faini yake si ya mchezo.

Juu ya maji tazameni tai mwenye tumbo jeupe. Ni jamaa wa karibu wa furukombe wa kwetu, na anavua kwa mtindo ule ule. Kookaburra, yule ndege mwenye kichwa kikubwa anayecheka, hana urafiki wowote: anaona sambusa mkononi mwa mtoto kama yake. Mkae chini ya kitu mkila.

Kuogelea

Wazazi wa Bukavu, Kigoma na Kisumu huniambia, "sisi tumekulia ziwani." Ziwa halina mkondo wa maji kupwa. Hawkesbury ina mkondo, ina matope, na ina papa wa aina ya bull shark wanaopanda mito. Sitii chumvi, wala siwakatazi kuingia. Nasema hivi:

- Brooklyn kuna bwawa la maji ya mto lililozungushiwa wavu, karibu na bustani ya McKell Park. Watoto waogelee hapo.
- Bradleys Beach mguu uguse chini wakati wote, na mtu mzima mmoja asishike simu. Mmoja anatajwa kwa jina. "Tunawaangalia wote" maana yake hakuna anayeangalia.
- Maji ya alfajiri, ya machweo, na ya baada ya mvua kubwa muyaache.
- Anayetaka mawimbi aende pwani yenye walinzi, aogelee kati ya bendera nyekundu na njano. Nje ya bendera hizo mkondo unaorudi baharini unamchukua hata anayejua kuogelea.

Kama nyumbani hakuna anayejua kuogelea, anzeni mabwawa ya halmashauri hapa Blacktown kabla ya kiangazi. Wakubwa pia. Hakuna aibu.

Boti ya kukodi: ndiyo, ila

Brooklyn kuna wanaokodisha boti ndogo za bati zenye injini. Sheria ya New South Wales haidai leseni kama boti inakwenda chini ya mwendo wa noti 10, na hapo ndipo vijana hujiona manahodha. Mtoto chini ya miaka 12 lazima avae jaketi la kuokolea kwenye boti ya chini ya mita 4.8 ikiwa inatembea. Mimi nawavalisha wote, na mzee anayesema alivua samaki Mafia miaka yote bila jaketi naye namvalisha.

Hofu yangu kubwa hapa ni upepo. Kusi ya kwetu inakuja kwa msimu na unaiona inakuja. Kusi ya Sydney, hasa alasiri ya siku yenye joto kali, inaingia kwa dakika: hewa imetulia, ghafla joto linashuka nyuzi kumi au zaidi na mto umejaa mawimbi meupe. Utabiri wa hali ya hewa huitaja asubuhi. Ukisoma neno *southerly* kwa alasiri ile, panda kivuko badala ya boti.

Mkitaka pori lenyewe

Safari ya kwanza isiwe ya porini. Ya pili iwe. Kabla yake jaribuni viatu na miguu ya watoto kwenye njia za Nurragingy Reserve pale Doonside. Najua wengi mnaijua kwa nyama choma tu, lakini ina njia za kutembea.

Jerusalem Bay ndiyo ninayowapa wanaoanza. Mnashuka kituo cha Cowan, kimoja kabla ya Hawkesbury River, mnavuka barabara kuu kwa daraja la miguu, mnashuka bondeni hadi kwenye ghuba, mnakula, mnarudi mlikotoka. Ni asubuhi moja. Kumbukeni kwamba kushuka ni kwanza na kupanda ni mwisho, mkiwa mmechoka na maji yamepungua.

Kosa la kila mwaka ni hili: mtu anafika Jerusalem Bay, anaona kibao kinachosema Brooklyn, anasema, "si tumeshafika nusu, twende." Hamjafika nusu. Kutoka Cowan hadi Brooklyn ni kilomita 13 za kupanda na kushuka juu ya mawe, sehemu ya njia ndefu iitwayo Great North Walk, na kwa watu wenye mazoezi ni kama saa sita. Kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano ni usiku porini.

Wondabyne huwavutia vijana kwa sababu ni kituo cha reli kisichofikiwa na barabara ya umma. Jukwaa lake lina urefu wa behewa moja. Unamwambia kondakta mapema na kukaa behewa analokuelekeza, na wakati wa kurudi unampungia dereva mkono. Inafurahisha sana mpaka ukose treni ya kurudi. Hapana duka, na usitegemee mtandao wa simu. Vijana wenye mazoezi na ramani iliyopakuliwa, sawa.

The Basin, ndani ya Ku-ring-gai Chase, ni pazuri kwa kulala hemani, na njia yake ina michoro ya wenyeji wa asili iliyochongwa mwambani. Kivuko chake kinatoka Palm Beach, ambako kutoka Blacktown kwa usafiri wa umma ni mbali mno kwa siku moja. Hapo tafuteni mwenye gari, au mlale. Kuna malipo ya kuingia na ya hema. Kenge wa pale ni wakubwa, wanafungua mifuko.

Mkiwa huko mtaona mlangoni mwa bahari kisiwa kinachofanana na simba aliyelala. Ndicho Lion Island, makazi ya pengwini wadogo. Kukanyaga ni marufuku. Tazameni kwa mbali.

Visiwa vya mbali kama Broughton, kule Port Stephens, viacheni kwa mwaka ujao. Na siku reli ya kaskazini ikifungwa, Cockatoo Island ya bandarini inafikiwa kwa feri ya kawaida na Opal; ni magofu ya gereza na karakana za meli, pori hakuna.

Na nyoka je?

Wapo. Kuna mweusi mwenye tumbo jekundu, kuna wa kahawia ambaye sumu yake ni kali sana, na kuna chatu asiye na sumu. Kuna pia buibui aitwaye funnel-web, ambaye makao yake ni Sydney na kandokando yake. Dawa ya sumu yake ilianza kutumika 1981, na tangu hapo hakuna kifo kilichothibitishwa.

Nyoka wengi hushikwa na hofu kuliko wewe. Kanyaga kwa kishindo, kaa katikati ya njia, usipitishe mkono chini ya jiwe au gogo, usiruke gogo bila kutazama ng'ambo yake. Ukimwona, simama, rudi nyuma taratibu. Usimpige. Huku nyoka analindwa kisheria, na baadhi ya wanaoumwa ni wale waliojaribu kumuua.

Mtu akiumwa na nyoka, au na buibui huyo:

1. Akae chini hapo hapo. Asitembee hata hatua ishirini.
2. Pigeni 000. Kama Kiingereza kimekwama, taja huduma (*ambulance*), halafu sema *Swahili*, watafute mkalimani. Programu ya Emergency Plus inaonyesha mahali mlipo; wasomeeni.
3. Fungeni bandeji ya kwanza juu ya jeraha, kwa kubana.
4. Ya pili ianzie vidoleni ipande hadi juu ya kiungo chote. Ikiisha, endeleeni na kanga iliyochanwa.
5. Fungeni kijiti kigumu kando ya kiungo kisipinde. Andikeni saa aliyoumwa.

Mambo ya nyumbani yaacheni nyumbani: kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukata damu, na lile jiwe jeusi ambalo ndugu wa Kongo wanalibeba kwenye pochi. Wala msioshe jeraha, kwa sababu hospitali inaweza kupima sumu iliyobaki juu ya ngozi.

Na mti? Watu hawaulizii, nami ningewaonya zaidi. Mikalitusi hudondosha matawi makubwa siku isiyo na upepo. Msitandike kanga chini ya tawi nene.

Makosa mengine ninayoyaona

Giza la Juni. Waliozoea jua la ikweta linalozama karibu saa ile ile mwaka mzima hushikwa hapa. Katikati ya Juni jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Desemba ni baada ya saa 2 usiku. Safari ya baridi ianze asubuhi mapema, na saa 8 mchana mgeuze.

Msafara wa watu arobaini. Kanisa zima, au chama cha mkoa mzima. Kivuko ni kidogo. Mtapishana na wenye kisiwa wanaorudi makwao. Mpigieni mwenye boti siku chache kabla, mgawane makundi mawili, kila kundi na kiongozi anayehesabu vichwa gatini kwenda na kurudi. Kwenye hifadhi za taifa kundi kubwa huhitaji kibali.

Spika. Sina la kuongeza.

Kuvua bila ada. Kila mwenye miaka 18 na zaidi hulipa ada ya uvuvi wa burudani kabla ya kutupa ndoano, isipokuwa makundi machache kama wenye pensheni. Kuna vipimo vya ukubwa na idadi kwa kila samaki, na maafisa hukagua ndoo. Chaza mnaowaona kwenye fremu mtoni ni shamba la mtu. Na kwa wale wanaovua Parramatta kwa kuwa ni karibu: serikali inashauri samaki wote wa magharibi ya daraja la Harbour Bridge wasiliwe kabisa, kwa sababu ya sumu ya daioksini iliyobaki matopeni, na uvuvi wa biashara bandarini ulisimamishwa 2006. Watoto wasilishwe samaki wale.

Kukanyaga michoro. Miamba ya nchi hii ina nyayo, samaki na watu waliochongwa na wenyeji kabla ya meli yoyote ya Uingereza. Usisimame juu yake kupiga picha, wala usipitishe chaki ili mistari ionekane.

Kuokota. Mawe, kuni, maua, hata gogo zuri la kupamba sebule: hifadhini haviondoki.

Jioni, mkisharudi

Kabla ya mtu kulala, mkague kupe. Nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, ndani ya nywele zilizosukwa (hapo ndipo wanapojificha kwa watoto wetu), makwapani, nyuma ya magoti, kiunoni. Kupe wa pwani hii anaitwa kupe wa kupoozesha, na hatolewi kwa kubanwa na kucha wala kwa kibano cha nyusi, kwa maana ukimbana anakutemea mate yake yote. Famasi huuza dawa ya kupuliza inayomgandisha hapo hapo alipo; mgandishe, mwache afe, atadondoka. Wale wadogo kama punje ya ufuta hupakwa krimu ya permethrin. Aliyewahi kuvimba au kukosa pumzi kwa kupe asijaribu nyumbani, aende hospitali.

Haya si madogo. Daktari Sheryl van Nunen wa Sydney ndiye aliyeeleza, kutokana na wagonjwa wa fukwe za kaskazini, kwamba kuumwa na kupe huyu kunaweza kumfanya mtu apate mzio wa nyama nyekundu: ng'ombe, mbuzi, kondoo. Fikiria harusi zetu. Mzio huo haujitokezi mezani. Huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku wa manane, kwa mwasho, upele, tumbo kuuma, midomo kuvimba. Ikitokea hivyo wiki au miezi baada ya safari, mpelekeni daktari na mumtajie kupe wenyewe, kwa sababu hataifikiria safari yenu ya Dangar. Akishindwa kupumua, msisubiri daktari: pigeni 000.